Mkwe Aliyekalia Pampu

Mume wangu ana tabia moja iliyokuwa ikinipandisha hasira kila tukisafiri na mama yangu. Kabla hajawasha gari ananyoosha mkono, anakisukuma kile kioo cha kati mpaka kinatazama dari, ndipo anafunga mkanda. Ataendesha hivyo hivyo mpaka tufike. Lori likija nyuma atalijua kwa vioo vya pembeni, au kwa honi, au kwa rehema za Mungu. Ilimradi uso wa mkwe wake asiuone kwa bahati mbaya.

Nimemsema sana. Nimemwambia ipo siku atatuua sote kwa adabu zake. Yeye hucheka tu, na huko nyuma namsikia mama akikohoa kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze, maana anaona mwanamume wa watu anafanya jambo la haki na mimi ndiye niliyekosa malezi. Malezi yenyewe kanipa yeye.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu Uzigua, kwa desturi ya zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawali sinia moja, hawapeani mkono, na mkwe hagusi kiti alichokalia mama mkwe. Siku hizi wengi wameacha. Hapa Handeni mjini nawaona wakwe wamekaa baraza moja wanapiga soga mpaka mama mkwe anashika mbavu, na sisemi kwamba ni vibaya. Lakini mama yangu na mume wangu walikubaliana, bila kukaa kikao, kwamba wao wataishika ile ya zamani. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa keshaingia sekondari na wao walikuwa hawajawahi kusemezana neno la moja kwa moja. Kila neno lilipita kwangu. Mama yuko jikoni, mume wangu yuko ukumbini, katikati yao kuna pazia tu, mama anasema nimwambie mwenzangu uji utapoa. Mume wangu kasikia, hata kijiko keshakishika, lakini anangoja. Naenda, nasema, uji utapoa. Naye ananituma nimwambie mama ahsante. Mama naye kasikia. Nimekuwa mkalimani wa watu wawili wanaosema Kiswahili kile kile.

Wala msidhani hawapendani. Mama alikuwa na mashine ya kusaga, ya dizeli, aliyoachiwa na marehemu baba, na aliiendesha mwenyewe mpaka magoti yalipomshinda. Upepo ulipoezua bati za kibanda cha mashine hiyo, mume wangu ndiye aliyepanda juu, misumari mdomoni, na mama akajifungia chumbani siku nzima wasije wakagongana macho. Akamkaangia kuku. Nilimpelekea mimi.

Na nataka ijulikane kwamba ile adabu ilimgharimu mama. Mtu aliyezoea kuzungumza juu ya mngurumo wa mashine hawezi tena kunong'ona. Akimwita mbuzi wake, wanaitika mpaka wa jirani. Mwenye sauti kama ile kumnyamazia mkwe miaka yote hiyo si kazi ndogo, na mimi binti yake, ambaye siwezi kunyamaza hata nikiwa nakunywa maji, nimemvulia kofia.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, simu iliita kutoka Makuyuni, upande wa Korogwe, tukiwa tunakunywa chai. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amefariki baada ya swala ya alfajiri. Ndiye ndugu pekee aliyekuwa amembakia mama. Wazazi wao walikufa mapema, na yeye, naye akiwa bado kijana, ndiye aliyembeba mama mgongoni, akamlea, na siku mama anaolewa ndiye aliyesimama kuwa walii wake. Baadaye alikwenda Makuyuni kulima, akaoa huko na kuzeekea huko. Wiki chache kabla alikuwa amepiga simu kumwomba mama aende wakaonane, na mama alikuwa amemwambia anangoja magoti yatulie kidogo.

Binamu yangu, mtoto wa marehemu, alisema kwenye simu kwamba wazee wameamua kuzika baada ya swala ya adhuhuri, joto ni kali, hawatangoja zaidi. Nilimwomba wasogeze mpaka alasiri. Akasema atawauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hatauliza. Nilipogeuka nilidhani nitamkuta mama analia. Alikuwa keshajitanda kanga na viatu keshavaa.

"Sitaki kusimuliwa alikufaje," alisema. "Nataka nimwone uso wake kabla hawajamfunika."

Mume wangu alikuwa tayari ameshika funguo. Alikwenda kujaza petroli, akaweka kanzu yake kwenye mfuko ili avae akifika, akaleta gari mlangoni na kutazama upande wa pili mama alipokuwa akipanda. Mama hukaa kiti cha nyuma, katikati kabisa, mikono juu ya magoti, bila kuegemea popote. Mimi nikakaa mbele. Kioo kikatazama dari. Siku hiyo sikusema kitu.

Barabara ya Korogwe ni lami, na asubuhi ile ilikuwa tupu. Tulikwenda vizuri. Tulikuwa tumeshaipita Sindeni gari lilipoanza kushtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi. Mume wangu akakanyaga mafuta, halikuitika. Akaliacha liserereke mpaka kwenye nyasi za pembeni, likazima. Akawasha. Stata ikazunguka kwa nguvu, lakini injini haishiki. Akawasha tena, vile vile.

Hapa nitamsifu mume wangu, maana nikikasirika huwa nasahau. Hapigi gari teke, hatukani, hasemi alijua tu. Alitulia kidogo, mikono kwenye usukani, halafu akasema kwa sauti yake ya kila siku kwamba stata inazunguka, kwa hiyo betri ni nzima. Geji inaonyesha mafuta yapo, na ameyajaza mwenyewe. Kwa hiyo ama moto haufiki kwenye plagi, ama petroli haifiki kwenye injini, tutafute ni kipi. Nilitamani kumng'ata. Mjomba wangu anaoshwa saa hiyo, na huyu ananipa somo! Lakini huo ndio utaratibu wake, anauliza swali moja mpaka apate jibu ndipo anakwenda kwenye la pili, na nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba ndio unaotufikisha.

Barabara ile ukipita huoni mtu, ukifungua boneti wanaota kama uyoga. Alifika dereva wa bodaboda mwenye gunia la mkaa nyuma, wakafika wanaume wawili kutoka shambani na majembe yao, akafika Mmaasai mmoja mtu mzima aliyekuwa akichunga ng'ombe ng'ambo ya barabara. Kila mmoja fundi. Wa bodaboda alisema ni plagi, hana shaka. Wa jembe alisema petroli ya siku hizi ina maji. Mwenzake alisema shemeji yake gari lilimfanya hivi hivi na hakuliendesha tena, jambo ambalo halikutusaidia. Mmaasai hakusema kitu, alisimama kwa mguu mmoja, mwingine kauegemeza kwenye goti, akatazama.

Mume wangu aliwaitikia wote kwa heshima na kuendelea na lake. Alitoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akaniambia nizungushe ufunguo. Cheche ikaruka, ya buluu. Moto upo, akasema, na kuirudisha. Kisha akamwomba mmoja wa wale wa majembe, aliyekuwa akivuta sigara, aizime, akachomoa mpira unaoleta petroli kwenye injini, akaukinga kwa chupa tupu ya maji, akaniambia nizungushe tena. Nikazungusha. Tukangoja. Chupa ilikuwa kavu, hata tone.

"Mafuta hayaji," alisema, karibu kwa furaha, maana sasa shida ilikuwa imepata upande.

Akafungua chujio, akalipuliza kwa mdomo, likapitisha vizuri. Akaenda kwenye fyuzi, akatoa ya honi ambayo alijua ni nzima, akaiweka mahali pa ile ya mafuta. Chupa ikabaki kavu. Kila alipomaliza kitu kimoja alifuta mikono kwenye suruali na kufikiri, nami nilikuwa natembea huku na huku barabarani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi la Korogwe lilipita limejaa mpaka mlangoni, nikalipungia kwa mikono miwili, halikupunguza hata mwendo. Wa bodaboda, Mungu amlipe, alijitolea kushusha mkaa wake ampeleke mama. Lakini mama hawezi kuunyanyua mguu akapita juu ya kiti cha pikipiki, hata tumsaidie watu wanne.

Simu ikaita. Binamu aliuliza tuko wapi. Nikasema tuko Korogwe, tunaingia mjini. Akasema wameshamaliza kumwosha, sasa wanamkafini, tufanye haraka. Nilikata simu. Mama alikuwa kasikia kila neno, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa bado amekaa pale pale katikati ya kiti cha nyuma, joto lote lile, kanga mpaka kwenye nyusi. Asingeweza kutoka, maana mkwe alikuwa akizunguka nje. Mkwe naye alikuwa ameigusa kila nati ya upande wa mbele wa gari, na nyuma hakuwa amekwenda hata mara moja, kwa sababu nyuma yuko mama mkwe. Wanaume wote wale wamesimama pale, Wazigua watupu isipokuwa yule Mmaasai, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilipomsogelea dirishani mama aliniuliza, kwa ile anayodhani ni sauti ya chini, mwenzangu anatafuta nini. Nikamwambia petroli haitoki kwenye tangi. Kuna pampu inayoisukuma, huenda ndiyo mbovu. Akauliza hiyo pampu iko wapi. Nikamwuliza mume wangu pampu iko wapi.

Mume wangu alitazama lami, akajikuna shingo kwa spana.

"Mwambie mama," alisema, "iko chini ya kiti. Kile cha nyuma."

Watu wote wakatazama kiti cha nyuma. Mama akavuta kanga yake vizuri.

"Basi ndiyo hicho kilichonyamaza," alisema.

Kumbe alikuwa anajua! Tangu Handeni, kila mkwe wake alipofungua swichi kabla ya kuwasha, mama alisikia kitu kinavuma chini yake, kwa upole, na kikaendelea kuvuma njia nzima. Karibu na Sindeni kikaanza kusita, kinavuma kinaacha, kinavuma kinaacha. Kisha kikanyamaza, na ndipo gari likaanza kwikwi zake. Masikio ya miaka ya mashine yale, yalikuwa yamesikia ugonjwa kabla gari lenyewe halijajua linaumwa. Nikamwuliza kwa nini hakusema, tumekaa juani muda wote huu, mbona hakusema?

"Nimtumie mkwe salamu kwamba kuna kitu kinanguruma chini yangu?" aliniuliza. "Una akili wewe?"

Wa bodaboda aligeukia msituni, mabega yakimcheza. Nami, pamoja na uchungu wote, ilinibidi nishike mdomo.

Sasa ikawa kazi. Kuifikia pampu kwa juu, kiti lazima kiinuliwe, yaani mama ainuke, na mume wangu atie mikono pale alipokuwa amekaa mama, hapajapoa. Nilimwona anavyowaza. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. Mwisho akasema atajaribu kwa chini kwanza. Pampu ikichakaa hukwama ndani, alieleza, na ukiligonga tangi pale inapokaa, wakati umeme unaingia, mara nyingine hushtuka ikazunguka. Lakini asigonge kwa chuma, kisije kikaruka cheche. Akatazama huku na huku akitafuta mti. Yule Mmaasai alichomoa rungu kiunoni akampa.

Mume wangu akarudisha mpira wa petroli mahali pake, akalala chali kwenye changarawe, akajisukuma chini ya gari mpaka zikabaki ndala. Mimi nikashika ufunguo. Mama, nyuma yangu, akaweka kiganja kwenye kiti asikilize. Gari letu ukifungua swichi umeme unafika kwenye pampu kwa muda mfupi tu, kisha unakata mpaka ufunge na kufungua upya. Kwa hiyo rungu lilitakiwa litue mahali penyewe na wakati wenyewe.

Nikafungua. Mume wangu akagonga. Mama akasema nimwambie mwenzangu yuko mbali, asogee kushoto. Nikapiga kelele dirishani, asogee kushoto. Akauliza kushoto kwake au kwa mama. Nikamwuliza mama. Umeme ulikuwa umeshakata. Tukaanza upya. Mama akasema amepita, arudi kidogo. Nikasema arudi. Akauliza arudi mbele au nyuma. Tukaanza upya. Mara nyingine nilisahau kufungua swichi, kwa sababu nilikuwa nashughulika kupeleka maneno. Na kila neno wale wawili walikuwa wamelisikia! Kati ya mdomo wa mama na sikio la mume wangu palikuwa na godoro la kiti, bati na tangi, basi.

Nikapasuka. Nikasema jamani mnasikiana, mjomba anakwenda kufunikwa, mimi nafanya nini hapa katikati? Nikasema na mengine ambayo si ya kuandikwa. Simu ikaanza kuita tena mapajani mwangu, nikaitazama tu, sikuipokea.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinalia. Nikageuka. Mama alikuwa amejisogeza mpaka mlangoni, magoti yale mabovu kayakunja pembeni, ameshika ukingo wa godoro kwa mikono miwili anaunyanyua mwenyewe. Ukachomoka. Chini yake likaonekana bati la duara. Mama akaliinamia, akaligonga kwa kidole chenye pete, ngo, ngo, ngo. Akavuta pumzi. Ikatoka ile sauti ya mashine, ambayo nyumbani kwetu hukimbiza kuku.

"Baba, piga hapa ninapogonga. Sasa hivi."

Chini ya gari rungu likasimama. Wa majembe wakatazamana. Walijua kilichotokea, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kisha ikatoka sauti chini kule, ya mtu aliyelala chali na kifua kimembana.

"Naam, mama."

Nikafungua swichi. Mama akagonga kwa pete, na rungu likagonga likimfuata, wakaenda sambamba kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kitu kikavuma. Nilikisikia mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue lile gari. Mama akasema washa, na hakuniambia nimwambie mtu. Nikawasha, injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma.

Nililia palepale kwenye usukani, sioni aibu kusema. Wa bodaboda alipiga makofi. Mume wangu akatoka chini, mgongo mzima mwekundu kwa vumbi, nywele zimejaa nyasi, akamrudishia mwenye rungu lake kwa mikono miwili. Yule mzee akalifuta kwa shuka, akalichomeka kiunoni, akawafuata ng'ombe wake. Mama alikuwa keshalirudisha godoro la kiti, keshalikalia, keshavuta kanga mpaka kwenye nyusi.

"Mwambie mwenzio asilizime tena mpaka tufike," aliniambia.

Nikamwambia. Akasema nimwambie mama sawa. Tukaondoka.

Tulipokwenda kidogo sikuweza kujizuia. Nikamchokoza mama, nikamwambia leo umesema na mkwe. Akanijibu bila kusita kwamba hakumwona, alikuwa chini ya gari, na adabu ni ya macho. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anauma mdomo wa chini asicheke, macho mbele. Siku ile niliwapenda wote wawili mpaka nikaona kifua ni kidogo. Nimewacheka miaka mingi kwa ukaidi wao, na sasa nikaona kwamba si ukaidi. Kila mmoja alikuwa amemtunzia mwenzake kitu, na mama alipolazimika kukigusa alikishika kwa uangalifu, akatoa kiasi kilichohitajika tu, akarudisha kilichobaki mahali pake.

Tukayapita mashamba ya mkonge, tukavuka Mto Pangani, tukapita Korogwe mjini bila kusimama hata kununua maji. Nilipiga simu Makuyuni. Binamu akasema wameshaswali, jeneza liko uani, wazee wanauliza. Nikasema tuko Makuyuni. Hapo ndipo mama aliponiambia niache uongo, nimpe simu. Akaongea na wazee mwenyewe, kwa sauti ile. Hakuomba. Alisema yeye ndiye dada yake, yuko njiani, na hawatamwinua kaka yake kabla hajafika. Sidhani kama walihitaji simu kumsikia.

Tulifika watu wamejipanga tayari. Mume wangu alisimamisha gari barabarani, akaliacha linanguruma. Baadaye mtu mwema alilizima, na likagoma mpaka kesho yake fundi alipokuja kutoka Korogwe kubadilisha pampu. Wanawake walimshika mama huku na huku wakamwingiza. Jeneza lilirudishwa ndani kwa ajili yake. Wakafungua upande wa uso.

Mama alimtazama kaka yake kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kuukatiza. Hakupiga kelele. Alimwita kwa jina la utotoni, jina la Kizigua ambalo sikuwa nimelisikia kabla, akamwambia amechelewa, amsamehe, lakini amekuja. Kisha mwenyewe akaishika sanda akamfunika.

Alipotoka uani wanaume walikuwa wanajiweka sawa kubeba. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya wote, karibu na ua, shati lake jekundu kwa vumbi na linanuka petroli. Kanzu ilikuwa bado ndani ya mfuko, hakupata nafasi ya kuivaa. Alipomwona mama anakuja akainamisha kichwa na kusogea ampishe. Mama hakupita. Alisimama mbele yake, akaishusha kanga kutoka kwenye nyusi mpaka mabegani. Na sauti iliyomtoka sikuijua. Ilikuwa ya chini, ya mwanamke yeyote.

"Baba, mimi sikujaliwa mtoto wa kiume. Ingia kaburini, unipokelee kaka yangu."

Mume wangu akainua uso. Akamtazama mama machoni, mbele ya watu wote wale.

"Nitampokea, mama," alisema.

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki kwenye mikeka, mama katikati yetu, anasikiliza kalima inavyozidi kwenda mbali mpaka isisikike. Binamu alinieleza baadaye kwamba mume wangu alishuka pamoja na watoto wa marehemu, nao wakamwachia upande wa kichwa, kwa kuwa walijua amekwenda kwa niaba ya nani.

Waliporudi, ndoo na kopo vilikuwa vimewekwa mlangoni mwa ua ili watu wanawe udongo. Watu walikuwa wakinawishana wenyewe. Mama alinisukuma bega ili apate pa kujishikia, akainuka kwenye mkeka, akaenda taratibu mpaka pale, akachukua kopo mkononi mwa aliyekuwa nalo. Mume wangu alipofika alikuta ni mama ndiye anayemwagia. Akasita. Kisha akakinga mikono, na mama akamwagia maji, akamwagia tena, mpaka udongo wa kaka yake ukatoka wote.